Kimya Walichoniachia kwenye Kanda

Asifiwe Mola aliyetupa masikio mawili, akatupa na subira ya kuyatumia! Ndugu zangu, kabla hatujaifungua sahani ya santuri niliyokuja nayo leo, naomba mnivumilie nitoe ushuhuda. Najua kila mmoja wenu amekuja na alichokinunua mwezi huu, kipo mapajani, na vidole vinamuwasha. Vyangu vinaniwasha vilevile. Lakini mtu akiokolewa kisha akanyamaza, amemdhulumu aliyemwokoa. Sisi Waislamu hatuna sana desturi ya kusimama mbele za watu tukashuhudia. Hiyo nimeiazima kwa jirani yangu mmoja Mkristo, naye amenipa bure, hakudai irudi.

Mimi naitwa Attoumani, mtu wa Hombo, mjini Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani katika Komoro. Kiswahili hiki nilikipata utotoni hapahapa Unguja, baba yangu alipokuwa akishona viatu. Ukubwani nilikwenda Moroni, kisiwa kikubwa cha Ngazidja, nikapata ukarani bandarini, nikaoa huko. Mke wangu ni Eshata, Mngazidja wa Moroni khasa. Yupo leo, amekaa chumba cha pili na akina mama, na bila shaka ameshaanza kunicheka.

Kuna jambo moja lazima niwaeleze mapema, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu visiwani nyumba ni ya mwanamke. Mtu akipata binti huanza kukusanya mawe ya kumjengea kabla mtoto hajaota meno. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe na sanduku lake la nguo. Wakija kuachana hapana ugomvi wa nani atoke: vitu vya mume hutolewa nje, wakubwa kwa wadogo wakaviona vinapita, basi, mtaa mzima umekwisha kujua. Hakuna anayeuliza. Likumbukeni hilo, ndugu zangu.

Wengine hushuhudia jinsi Mungu alivyowatoa kwenye pombe. Mimi pombe sijui hata harufu yake. Mimi nilikuwa mlevi wa santuri. Bendi kubwa za Misri za zamani, zenye fidla safu kwa safu na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, katikati. Taarabu ya kale, ile ambayo mwimbaji hana haraka. Na muziki wa kale wa Wazungu, ule unaopigwa ukumbini watu wametulia kama wanasikiliza hutuba. Vyote hivyo nilivipenda. Mshahara ukitoka nilikuwa nakwenda kuwaamkia mabaharia walioniletea sahani kabla sijamwamkia muuza mchele. Eshata alikuwa akisema ameolewa na mume mwenye wake wengi, ila wenzake ni bapa na wana tundu katikati.

Tulikuwa na kikao chetu pale nyumbani, Jumapili baada ya sala ya alasiri. Mkubwa wetu alikuwa Fundi Mshangama, mwalimu mstaafu, mtu wa Vouvouni, kijiji cha pwani kusini mwa Moroni. Alikuwepo pia Hamadi, kaka yake Eshata, muuza vitambaa, pamoja na wenzetu wengine wa kazini. Sheria yetu ilikuwa moja nayo ilikuwa ngumu: hakuna kufungua peke yako. Ukinunua sahani, unaileta na nailoni yake. Unaichana mbele ya wenzako, unaeleza umeipata wapi na imekuponyoka mara ngapi kabla hujaipata, kisha inapigwa mwanzo hadi mwisho bila mtu kutia neno. Ikisha, kila mmoja anatoa neno lake kwa zamu, kuanzia mkubwa. Zamu hairukwi. Kama huna la kusema, tunakungoja mpaka ulipate.

Na kama mtu hakuja kwa udhuru, zamu yake nayo tunaingoja. Tunakaa kimya kadiri ya mtu kusema neno lake, kisha tunaendelea. Hilo Fundi Mshangama alilitoa kwenye bangwe, uwanja wa wanaume wa mji, ambako nafasi ya mtu wa rika lako huikalii hata akiwa safarini. Alikuwa akisema, "Asiyekuwepo naye ana masikio." Wageni walitucheka sana kwa hilo. Watu wazima wamekaa duara, wanamsikiliza mtu ambaye hayupo!

Hamadi aliwahi kuvunja sheria. Alifungua sahani usiku kwake, akaisikiliza, kisha akaibana nailoni kwa moto wa mshumaa. Jumapili akaileta na uso wa malaika. Bahati mbaya alikuwa amekula samaki, na alama ya dole gumba lenye mafuta ilikuwa imekaa juu ya sahani kama muhuri wa posta. Tulimtoza faini kama rika linavyotoza: kukilisha kikao kizima mkate wa sinia, na kunyimwa zamu mpaka mwezi uandame. Alikubali ule mkate. Kunyimwa zamu ndiko kulikomliza.

Eshata hakuwa na zamu. Hakuna aliyemkataza, ila ndivyo desturi ilivyokuwa, wanawake wanakaa nyuma ya pazia. Lakini hapana kilichopigwa bila yeye. Santuri yetu ilikuwa kuukuu, mkono wake mwepesi, sindano ikirukaruka, na dawa yake ilikuwa sarafu ndogo kuwekwa juu ya kichwa cha sindano. Sisi tukiiweka huanguka, au hulemea sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Eshata akiiweka, inakaa. Basi alikuwa akitoka, anaweka sarafu, anarudi nyuma ya pazia. Huko nyuma nako kulikuwa na hukumu zake, tulisikia vicheko tu.

Sasa nifike penyewe. Baharia mmoja aliniletea kutoka Marsei, Ufaransa, sahani niliyomtuma. Kwenye jalada yupo mzee wa Kizungu amebana fidla kubwa magotini, amefumba macho, na hana mwenzake. Hapana kinanda wala ngoma, hata mtu wa kumpokea. Nilitamani mno kujua chombo kimoja kinawezaje kuijaza sahani nzima. Lakini Jumapili ile Fundi Mshangama alikuwa mazikoni, na nilitaka aisikie ikiwa bado bikira. Nikaiweka rafuni na nailoni yake. Tukasema, Jumapili ijayo.

Ndugu zangu, Jumapili ijayo haikuja.

Mnajua, au mmesikia, kwamba miaka ile Ndzuani ilitangaza kujitenga na jamhuri. Serikali iko Moroni, Ndzuani wanasema hatuitaki. Wakubwa walikutana, wakapiga picha, wakatawanyika bila kuelewana. Sisi wadogo tulidhani ni mambo ya redioni. Kumbe hasira ilikuwa inapanda polepole, na siku moja ikafurika mitaani. Moroni vijana wakaanza kupita wakiuliza nyumba gani ina Mndzuani.

Hamadi alikuja mchana, amefunga duka, ufunguo bado mkononi. Akaniambia, "Shemeji, wamefika mtaa wa pili. Kuna meli inawarudisha watu kwao. Twende sasa hivi."

Nilivuta sanduku langu la nguo kutoka chini ya kitanda. Eshata akaniondoa mkono, akalisukuma likarudi lilikokuwa. "Mwenye kubeba sanduku hana nia ya kurudi," alisema. Akanipa mfuko wenye mkate na shati moja.

"Na sahani?" nikamuuliza. Nawaambieni ukweli, mbele ya balaa lile nililiuliza swali hilo.

"Sahani niachie mimi."

Nikaondoka. Melini tulikuwa wengi. Nilipotazama nyuma niliona mji niliouzoea miaka yote, na moyoni nilihisi kama mtoto aliyefukuzwa chuoni asijue kosa lake.

Mutsamudu nilipokelewa vizuri na dada yangu Fatima, pale kwake Hombo, karibu na hospitali. Lakini mwanamume mzima katika nyumba ya dada yake, ndugu zangu, hata ukipewa kitanda kizuri unalala pembeni. Na mtaani nilikuwa nimepata jina jipya. Moroni walinifukuza kwa kuwa ni Mndzuani. Nyumbani wakaniita Mngazidja. "Kwezi, Mngazidja!" vijana wananiamkia kwa heshima zote, kisha wanacheka. Meli zikasimama. Simu za Moroni zikakatika. Mafuta ya taa yakawa adimu, na umeme ukaja pale ulipotaka. Redio ya huku ikawatukana wa kule, redio ya kule ikawatukana wa huku, na mimi nina watu kote kuwili.

Nilingoja habari. Zilikuja, na heri zisingekuja.

Alizileta Bweni Zaina, na bweni kwetu ni kama kusema bibi, mama mmoja wa biashara aliyekwenda Moroni kwa njia ya kuzunguka Maore, kisiwa cha jirani kilichobaki kwa Wafaransa, na akarudi kwa njia hiyohiyo. Alikuwa mtu mwema, hakusudii ubaya. Alikuja kumuuzia dada kanga, akaniona, uso ukambadilika.

"Pole, baba," alisema.

"Pole ya nini, bweni?"

"Nilidhani umeshajua. Nimepita mtaa wa mkeo. Vitu vyako vimetolewa. Masanduku yako yale ya santuri nimeyaona kwa macho yangu, yamepangwa juu ya mkokoteni, mchana kweupe, kaka yake mkeo ndiye anausukuma. Na mkeo amesimama mlangoni, anatazama."

Dada Fatima akaacha kukunja kanga. Hakuna aliyeuliza maana yake. Kwetu, kama nilivyowaambia, haiulizwi.

Ndugu zangu, pale ndipo kiza kilipoingia. Kufukuzwa na vijana wa mtaani kuliniuma, lakini nilikuwa na mahali pa kurudi. Sasa sikuwa napo. Nikaanza kumchukia Hamadi aliyesukuma mkokoteni. Nikamchukia Fundi Mshangama kwa kuwa hakuuzuia. Eshata sikuweza kumchukia, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Nikaacha kusikiliza muziki. Ikipita arusi na taarabu yake, nafunga dirisha. Hata msomaji wa maulidi mwenye sauti nzuri alinikera. Mtu aliyekuwa akiruka mlo kwa ajili ya fidla, sasa akisikia fidla anatafuta mlango.

Akaja mjomba wangu, Mzee Anli, kaka yake marehemu mama. Mjomba kwetu ni mtu mkubwa. Neno lake hulijibu ukiwa umesimama. Hakunigombeza. Alikaa, akanywa chai, akasema, "Mwanangu, mwanamume hazeeki nyumbani kwa dada yake. Mkeo amekwisha kusema lake bila kusema. Mirontsy yuko mjane mmoja, mtu wa heshima, nyumba yake imekwisha, mlango wa buluu. Mwache yule kwa amani, umwoe huyu kwa amani."

Mirontsy ni mwendo mfupi tu kutoka Mutsamudu. Nilikuwa nimepita mbele ya ule mlango wa buluu. Nyumba ilikuwa nzuri kwelikweli. Nikamwomba mjomba muda. Akanipa, kisha akarudi, nikamwomba tena. Mara ya tatu akasema, "Ijumaa hii, baada ya sala. Nitaita mashahidi, utamke talaka mbele yao, tuyamalize."

Nikakubali.

Wiki ile kila alasiri nilikwenda msikitini mapema, nikakaa kwenye nguzo, nikaomba maneno machache tu: Mola wangu, kama mlango ule umefungwa, nifungie na moyo. Kama haukufungwa, nijulishe. Sikulia wala sikuona ndoto. Nilikuwa nimetulia kama mtu aliyechoka kutafuta kitu akakaa chini.

Ijumaa asubuhi alikuja jirani yetu Mwanaidi, muuguzi wa hospitali. Alikuwa amempeleka mgonjwa Maore, amerudi. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga. "Hili limetoka Moroni," alisema, "limepita mikono ya watu wanne, na kila mmoja kaambiwa asilifungue. Mna wazimu gani nyinyi na mambo ya kutofungua?"

Ndani ya kopo ilikuwamo kanda.

Redio ya kaseti ya dada ilikuwapo, lakini umeme haukuwapo, na betri zilikuwa zimekufa. Nikazitoa, nikazipanga juu ya ukuta kwenye jua, kama tulivyokuwa tukifanya sote siku zile. Jua likizipiga hupata roho kidogo. Nikaenda kuswali. Niliporudi zilikuwa za moto mkononi. Nilikuwa naziweka pale Mjomba Anli alipoingia, amevaa kanzu yake ya arusi, anapepea kofia.

"Kwezi, mjomba."

"Mbona," akaitika, maana ndivyo kwezi inavyojibiwa kwetu. "Twende, mashahidi wanatungoja Mirontsy."

"Nisikilize hii kwanza, mjomba. Imetoka Moroni."

Alitaka kukataa, nikaona. Lakini naye ni binadamu, habari za Moroni zilikuwa dhahabu. Akakaa ukingoni mwa kiti.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Fundi Mshangama. Alipiga bismillahi, akasema, "Kikao kimekutana leo Vouvouni, nyumbani kwangu." Akawataja waliohudhuria jina kwa jina kama ilivyokuwa kawaida yetu, na katikati yao, bila kusita, akalitaja na jina langu, "kwa udhuru wa safari." Kisha akasema Hamadi ameleta sahani mpya, bendi ya Misri, ameipata kwa mtu aliyekuwa akihama. Nikasikia nailoni inachanwa. Nikasikia na kitu kingine, kidogo sana, ambacho mjomba hakukisikia: sarafu ikikaa juu ya kichwa cha sindano. Mkono ule niliujua.

Muziki ukaanza. Sikumbuki ulikuwaje, Mungu anisamehe. Mjomba alitikisa mguu, nadhani kwa haraka, ila mguu ulikuwa unafuata ngoma. Muziki ukaisha. Wakaanza kutoa neno. Fundi akasema lake, refu, maana ualimu haustaafu. Wengine wakafuata. Hamadi akajisifu jinsi alivyoipata. Kisha Fundi akasema, "Sasa ni zamu ya Attoumani."

Kikawa kimya.

Kanda inazunguka, hapana anayesema. Mtu mmoja alikohoa. Kwa mbali bahari ya Vouvouni ikavuta pumzi kwenye mawe, na jogoo akawika, jogoo asiye na adabu kabisa. Kikaendelea kuwa kimya.

"Imekatika," mjomba akasema, akainuka.

"Haijakatika, mjomba," nikamwambia. "Wananingoja."

Akanitazama. Akakaa tena.

Ndipo kiti kikasogezwa, na ikaja sauti ambayo haikuwahi kusikika katika kikao chetu tangu kilipoanza. Ilikuwa ya Eshata. Alisema, "Zamu hii ni ya mume wangu. Nitaishika tu mpaka aje aichukue. Attoumani, sahani zako na santuri yenyewe ziko hapa Vouvouni kwa Fundi. Vijana walikuwa wanaingia nyumba za waliooa Wandzuani, wanavunja. Kaka Hamadi akaleta mkokoteni, nikamwambia azitoe mchana, watu wote waone, nami nikasimama mlangoni. Mtaa ukasema Eshata amemtoa mume wake. Vijana waliposikia hivyo, wakapita, hawakugusa hata kizingiti. Nimefanya hila, na naogopa hila hiyo imevuka bahari ikakufikia. Kama imekufikia, basi jua: sanduku lako la nguo sikulitoa. Liko chini ya kitanda, pale nilipolisukuma. Na ile sahani ya mzee aliyefumba macho haijafunguliwa. Fundi ameikatalia hata Hamadi." Kisha akasema, "Kuhusu hii ya leo, fidla ni nyingi mno. Hawapumui."

Wakacheka wote, na kanda ikafika mwisho wake.

Ndugu zangu! Nilikaa mbele ya redio ile nikiwa kama mtu aliyetolewa kisimani, maji bado yanamchuruzika. Lakini nitawaambia kilichonishangaza kuliko vyote. Mjomba wangu Mzee Anli, mtu aliyekuja na kanzu ya arusi, aliiweka kofia gotini. Kisha akasema, "Rudisha nyuma."

"Wapi, mjomba? Pale anaposema Eshata?"

"Hapana. Rudisha pale pa kimya."

Nikarudisha. Tukakisikiliza kile kimya sisi wawili na dada Fatima mlangoni, bahari na jogoo na yule anayekohoa. Kilipokwisha, mjomba akavaa kofia yake vizuri. "Mtu akitoa vitu vyako nje, amekutoa," alisema. "Lakini anayekuwekea nafasi ya kusema nawe hupo, huyo hajakutoa. Ngoja nikaonane na watu wa Mirontsy mwenyewe. Nimewaita mimi, nitawaomba radhi mimi." Akaenda, kwa miguu, jua kali. Na yule mjane wa Mirontsy, Mungu amzidishie, alisema heri kujua mapema kuliko kuolewa na mtu ambaye masikio yake yako Moroni. Baadaye aliolewa na mtu mwema, nami nikala pilau yao.

Upande wa pili wa kanda walikuwa wameuacha mtupu kwa ajili yangu. Nikazianika tena betri, nikatoa neno langu. Nilisema fidla si nyingi, ila wapigaji walikuwa na njaa. Nilisema na mengine, ya mume kwa mke, ambayo Fundi Mshangama kwa hekima yake alitoka nje alipoyafikia. Kanda ikarudi kwenye kopo la maziwa, ikapita tena Maore. Ikawa hivyo kwa muda wote ule mbaya: wakubwa hawana meli ya kukutana, na kopo letu linakwenda na kurudi. Na mimi nikafungua dirisha. Arusi zikapita na taarabu zao, nikazisikiliza.

Siku ikafika wakubwa wakaelewana kwa namna yao, meli zikaanza tena. Nilishuka Moroni nikiwa na mfuko uleule. Mtaani waliniona wakashangaa, maana wao walikuwa wanajua kwamba nilishaachwa. Nikapiga hodi. Eshata akafungua, akanitazama toka juu hadi chini, akasema, "Shati hilo limechoka. Nenda kavae jingine, sanduku liko palepale." Nikaenda chumbani nikapiga magoti kulivuta sanduku, na hapo ndipo nilipolia, ndugu zangu, kichwa chini ya kitanda, ili asinione. Aliniona.

Jumapili kikao kikakutana. Sahani zilikuwa zimesharudi rafuni. Nikaichana ile nailoni kwa mkono wangu, mbele ya wote, nikaitoa sahani ya mzee aliyefumba macho. Ilikuwa imepinda! Joto la Vouvouni lilikuwa limeikunja kama chapati iliyotolewa mapema. Hamadi akafunga mdomo kwa kiganja. Tukaiweka, ikapanda ikishuka, sindano inaruka, mpaka Eshata akatoka na sarafu, akaiweka. Ikakaa. Fidla kubwa ikaanza kuimba ikiyumba, inakwenda mbali na kurudi, inakwenda na kurudi, na tulimsikiliza mzee yule mpaka mwisho bila mtu kutia neno. Nimenunua sahani nyingi maishani, safi, zisizo na mkwaruzo. Hakuna iliyonifikia kama ile.

Kisha zamu zikaanza. Fundi akasema lake. Wengine wakasema yao. Eshata hakurudi nyuma ya pazia siku ile. Fundi alimpa zamu yake, na mpaka leo anayo. Ikafika kwangu. Neno likakataa kutoka. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Wakangoja. Hamadi akataka kunisaidia, akaanza kunisemea. Fundi Mshangama akamzuia kwa mkono. "Mwache," alisema. "Kimya chake tumeshakizoea."

Basi huo ndio ushuhuda wangu. Namshukuru Mungu ambaye hakunitoa kwa muujiza wa mbinguni, alinitoa kwa watu walionyamaza mahali panapostahili. Nawe uliye hapa, kama umeletewa habari kwamba umetolewa nje, usifanye haraka kutamka lako. Mtegemee Yeye ajuaye yaliyo ndani ya nyumba ambayo wapita njia wameuona mlango wake tu. Anika betri zako juani. Ngoja.

Sahani niliyoileta leo ni mpya, nimeipata juzi hapa mjini, nailoni yake hiyo mnaiona. Sarafu anayo Eshata, mwiteni aje. Tutaipiga, na kila mmoja atoe neno lake, mkubwa kwanza. Lakini mkubwa wa kikao chetu cha Moroni, Fundi Mshangama, tulimzika Vouvouni mwaka huu, baada ya mvua. Ikifika zamu yake nitaomba tumngoje kidogo, na tafadhali asikohoe mtu. Kimya chake yeye bado hatujakizoea.